Mwacheni Amege Tonge

Leeds, Uingereza

Wazazi wenzangu, mama wakubwa na mabibi wa Tanga,

Wengi wenu mkinipigia simu mnaniulizia mashine. Mmesikia kwamba huku mtoto mwenye mtindio wa ubongo au usonji hupewa tiba kwa vitendo, mkadhani kuna chombo ninachoweza kukitia kwenye kontena kikashushwa bandarini. Hakipo. Zipo bembea, mipira mikubwa na magodoro ya rangi, navyo vina kazi yake, lakini saa zangu nyingi za kazi zinakwisha nikimfundisha mtoto kuvua soksi. Kushika kijiko. Kwenda chooni na kujisafisha. Kuandika jina lake bila mkono kuuma. Mzazi akija mara ya kwanza tunamuuliza: ni jambo gani mtoto akiliweza mwenyewe, nyumbani kwenu mtapumua? Tiba inaanzia kwenye jibu hilo.

Ninyi mara nyingi mnanijibu: kula. Basi tuseme ya kula.

Watoto wa hapa tunawafundisha uma na kisu. Nikimwona mmoja anavyopigana na kisu, natamani ningekuwa na sahani ya ugali. Utazameni vizuri mkono wa mtu anayekula ugali. Vidole vinamega, kiganja kinaviringisha, dole gumba linabonyeza katikati, kifundo kinageuka kuchota mchuzi, halafu mkono unapanda hadi mdomoni bila kumwaga. Kuna wazazi huku wanaonunua vidude vya plastiki ili watoto wao wazoeze vidole kwa namna hiyo hiyo. Lakini nikija likizo nakuta mtoto wa miaka mitano ameketi kama bwana harusi, bibi anamtia tonge mdomoni. Najua kwa nini. Akila mwenyewe atachelewa, atajipaka mchuzi, na wageni watatazama. Halafu kuna huruma, ambayo siwalaumu kwayo, ila mikono ya mtoto ndiyo inayoilipia.

Nawaomba mjaribu hivi. Tonge lifinyangeni ninyi, lichovyeni, mtieni mkononi, mshikilieni kiwiko, yeye alifikishe mdomoni. Kipande cha mwisho cha kazi kiwe chake tangu siku ya kwanza, ili kila mara yeye ndiye anayemaliza. Akishazoea, mwachieni na kuchovya. Baadaye kubonyeza. Kumega kuje mwishoni. Shati la shule nalo ni hivyo hivyo: pitisheni kifungo nusu tunduni, yeye akivute upande wa pili. Ila msifundishe asubuhi ya Jumatatu gari la shule likipiga honi. Fanyeni Jumamosi, mkiwa hamna haraka.

Sasa mkono wa kushoto, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya wazee wangu. Nimewahi kuona mtoto aliyepooza upande wa kulia anapigwa vidole kwa sababu amechota wali kwa kushoto. Adabu ile nimelelewa nayo, na mimi mwenyewe nakula kwa kulia mpaka leo, hata sandwichi. Lakini mkono wa mtoto yule haukumkaidi mtu. Huenda malaria ilimpanda kichwani, au aliugua homa ya uti wa mgongo, au ana selimundu ikamletea kiharusi, ugonjwa ambao watu wengi hudhani ni wa wazee peke yao. Kamuulizeni sheikh wa mtaani kwenu kuhusu mtu mwenye udhuru, msikie atawajibu nini.

Wakati huo huo mkono wa kulia usisahauliwe, maana mkono usiotumika huzidi kukakamaa. Ushike ukingo wa sahani. Ukandamize daftari mwenziwe akiandika. Ushike bakuli la mchele wakati kushoto kunachambua. Ipo tiba inayofunika mkono mzima kwa muda ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, na watoto wengine inawafaa sana, lakini hufanywa chini ya mtaalamu. Tafadhali msifunge mkono wa mtoto kwa kanga mkasema ni mimi niliyewaambia.

Na kwa wenye watoto wachanga: mtoto asiyetimiza mwaka hapaswi kuwa mashoto wala mtumia kulia. Umri huo hutumia mikono yote. Mkiona kila kitu anakipokea kwa mkono mmoja, na mwingine ameukunja ngumi, msingoje akue. Mpelekeni hospitali mapema, wakati ubongo bado ni mwepesi kujifunza.

Jambo jingine ni la hatari, kwa hiyo nitalisema bila kupamba. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asilishwe akiwa amelala chali mapajani, kichwa kikiwa kimeanguka nyuma. Uji unaweza kupita njia ya hewa ukaingia mapafuni, na nimonia zinazomrudia rudia huenda zinatoka huko. Akae wima, kidevu kikiinama kidogo, apewe kidogo kidogo.

Mtasema wataalamu wako wapi. Wachache, kweli. Chuo cha KCMC, Moshi, kinafundisha kazi hii, nami nilisomea huko. Dar es Salaam wapo hospitali ya CCBRT. Msidhani huku ni peponi. Mtoto wa Leeds naye anaweza kukaa kwenye foleni miezi mingi kabla hajaonwa.

Lakini kiti cha kumkalisha mtoto wima hakihitaji foleni. Seremala yeyote anayetengeneza viti anaweza kuunda kiti cha kona, chenye mgongo wa mbao mbili zilizokutana, kinachomshika mtoto asiyeweza kukaa. Zimbabwe Mwingereza mmoja, Bevill Packer, alieneza ufundi wa kutengeneza viti vya namna hiyo kwa maboksi na gundi ya unga, na vikikauka vinabeba mtoto bila wasiwasi. Fundi atahitaji vipimo vitatu, mtoto akiwa amekalishwa wima: kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, toeni upana wa vidole viwili, kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, ili nyayo zikanyage chini zisining'inie, na kutoka anapokalia hadi kwenye kiwiko, ndiyo kimo cha meza yake kuanzia usawa wa kiti. Pimeni kwa futi ya fundi cherehani, mniandikie pamoja na umri wa mtoto. Mchoro nitauchora mimi mwisho wa wiki, mkampe fundi.

Ndugu yenu,
mtoa tiba kwa vitendo