Safisha logi kabla hujaituma

Waprogramu wenzangu, programu ikikwama wengi hunakili logi nzima na kumtumia yeyote anayeweza kusaidia. Subiri kidogo. Kama mfumo wako unapokea malipo ya M-Pesa, humo huenda mna namba ya simu ya mteja, kiasi alicholipa na namba ya risiti. Hata wakubwa huteleza: Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake zaidi ya milioni 330 wabadilishe nywila, kwani hitilafu ilikuwa ikiziandika wazi kwenye logi ya ndani.

Wengine hugeuza namba ya simu kuwa heshi wakadhani wameificha. Wapi! Namba zinazoanza na 07 haziwezi kuzidi milioni 100. Kompyuta ya kawaida inazijaribu zote upesi, na mwenye namba akajulikana. Afadhali uandike MTEJA1, MTEJA2. Atakayekusaidia bado ataona nani alilipa mara mbili, bila kumjua ni nani.

Na tokeni ikishavuja, usiifute tu, ibatilishe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini hata isingekuwepo, namba ile ni ya mteja, si yetu kuigawa. Mwaonaje?