Nafasi ya Unywele Mmoja

Fundi wa Nyamitanga, mjini Mbarara, akabidhiwapo injini ya gari la abiria liendalo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, asifunge krenki kwa kukisia. Shingo yenye kipenyo cha milimita 50 huhitaji nafasi ya takriban milimita 0.05 baina yake na beringi, karibu unene wa unywele. Injini ya mbio huongezewa chembe. Ikibana, utando wa oili hukatika, beringi ikaungua. Ikizidi, oili huponyoka kandoni na msukumo wake hushuka. Tundu la beringi lipimwe boliti zikiwa zimekwisha kukazwa sawasawa, kwani boliti legevu hudanganya. Krenki kuzunguka laini mkononi si ushahidi, ingawa wengi huupenda. Injini ikikwama njiani, mgonjwa aletwaye hospitali ya Mbarara hulala barabarani.