Kidole Gumba Hakisomi Barua



Juzi alikuja mezani kwangu mzee mmoja wa skimu yetu na barua ndani ya mkebe. Ilikuwa na miezi minne. Alikuwa akingoja mwanawe aje likizo amsomee. Ilihusu deni la shamba, naye alitakiwa kuja kulitengeneza kabla ya mwezi kwisha. Ninyi mnajua kwamba hati haitoki mpaka deni liishe, na riba haingoji likizo ya watoto. Nilimwuliza mbona hakumpa jirani. "Deni langu, jirani alisome?" Sikuweza kumlaumu.

Hasara hiyo ni yake. Iko nyingine inayotupata sote. Chukua chupa ya dawa ya kupe. Kipimo cha maji kimeandikwa ubavuni. Asiyesoma hukisia kwa kifuniko, na kwa kuwa dawa ni ghali, huongeza maji. Kupe dhaifu hufa. Wenye nguvu hubaki, wakazaa wengine wasioisikia dawa ile. Kupe hajui mpaka. Huvuka ua kwenda kwa ng'ombe wa yule aliyepima vizuri, na ndigana kali huua ndama wake. Kadhalika dawa ya kiwele: karatasi yake hueleza ni siku ngapi maziwa yasiuzwe. Debe moja likimiminwa katika tangi la ushirika, maziwa ya watu wote yameharibika.

Na katika mkutano wa ushirika, hesabu husomwa mbio, mikono ikainuka. Wenye kalamu si wezi wote, lakini ni nani atakayewakagua?

Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima wa Kenya hawakuwa na kisomo cha kutosha. Madarasa ya ngumbaru yapo, lakini wanaokwenda zaidi ni kina mama. Wanaume, ambao hati nyingi zina majina yao, huona haya. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, tena katikati ya watoto, jambo ambalo hamtatakiwa kulifanya. Wewe unayesoma gazeti hili, mpelekee jirani maneno haya, mkamwulize chifu darasa liko wapi.

Yule mzee nilimwandikia barua ya kuomba muda. Kabla ya kutia kidole aliniuliza nimeandika nini, nikamsomea. Angejuaje kama niliyosoma ndiyo niliyoandika?