Kicheko Kilichoomba Ruhusa

Wahenga walisema: mzaha mzaha hutumbua usaha. Hawakutukataza kucheka, bali walitutahadharisha juu ya namna ya kucheka. Ndugu wapendwa, neno hilo tunalikumbuka tunapoutafakari wimbo "Eat It", alioutoa Mmarekani "Weird Al" Yankovic mwaka 1984.

Wimbo huo unaiga "Beat It" wa Michael Jackson, uliomo katika albamu yake Thriller ya mwaka 1982. Herufi moja tu iliondolewa katika jina, na maana yote ikageuka. Jackson alimshauri kijana aondoke kuliko kupigana. Kwa Yankovic, ugomvi umehamia mezani, ambapo mtoto anayekataa chakula anahimizwa ale. Video yake nayo inaifuata ile ya Jackson hatua kwa hatua, hadi pambano la makundi mawili ya vijana. Wimbo ulifika nafasi ya 12 katika orodha ya Billboard huko Marekani, ukapata tuzo ya Grammy ya vichekesho.

Lakini ushindi huo si jambo linalotugusa zaidi. Sheria ya Marekani huwapa nafasi kubwa wanaoiga kwa mzaha. Hata hivyo, Yankovic ana desturi ya kumwomba ruhusa mwenye wimbo. Jackson alikubali. Mwaka 1988 alikubali tena, wimbo wake "Bad" ulipogeuzwa kuwa "Fat". Lakini ulipofika wakati wa "Black or White", alisita, kwa kuwa aliuthamini ujumbe wake juu ya usawa wa watu wa rangi mbalimbali. Yankovic hakuutia mzaha huo katika albamu yake.

Hapo ndipo tunapoona fundisho. Sheria hutuambia tunaloweza kutenda bila kushtakiwa. Adabu hutuuliza kama jirani yetu atabaki na heshima yake tukiisha kulitenda. Aombaye ruhusa kwa moyo wa kweli huwa tayari kusikia neno "hapana".

Watu wengine watasema kwamba kichekesho kinachoomba ruhusa hupoteza makali yake. Kwa mwenye madaraka anayeonea wanyonge, tunakubali: mzaha juu yake haungoji kibali chake. Lakini msanii mwenzako si mtawala, na kazi ya mikono yake si jalala.

Tena, ruhusa ya mmoja haitoshi kwa wote. Katika "Eat It" mtoto anatajiwa watoto wenye njaa wa Japani, nchi iliyokuwa tajiri wakati ule. Kwa hiyo anayechekwa ni mzazi na hoja yake, wala si mwenye njaa. Katika "Fat" mambo ni mengine: mwimbaji anavaa mwili wa bandia wa mtu mnene, na kicheko kinauangukia mwili wenyewe. Jackson aliweza kutoa idhini kwa ajili ya wimbo wake. Hakuweza kuitoa kwa niaba ya watu wanene wanaodhihakiwa kila siku.

Kwa hiyo tunaona inafaa, kabla ya kutoa mzaha, kujiuliza maswali mawili: kitu hiki ni cha nani, na atakayeumia ni nani? Kicheko kinachoyavuka maswali hayo salama, tukipokee kwa furaha.