Gobore na Mbunge

Hawakosi watu, tena wenye elimu, wasemao kwamba habari ya silaha si jambo la mkulima kuzungumza na mbunge wake. Husema kuwa bunduki ni kazi ya polisi. Mbunge huchaguliwa kwa ajili ya barabara, visima na zahanati. Na mtu wa Kasokola afikaye mbele yake kuuliza habari za leseni ya bunduki, ama ni jangili, ama ametumwa na jangili. Neno hili limerudiwa mno hata limeanza kufanana na hekima. Lapasa kupimwa.

Kasokola ni kata ya Mpanda, katika Mkoa wa Katavi uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa Mkoa wa Rukwa. Katika mkoa huo imo Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, maskani ya tembo, nyati na viboko. Wala tembo hajui mpaka ulipochorwa. Mtu aliyepanda mahindi wakati wa mvua za kwanza aweza kuyakosa yote kwa usiku mmoja, yakiwa yamekaribia kuvunwa. Kanuni za mwaka 2011 zilimwekea mtu wa namna hiyo kifuta jasho kisichozidi shilingi 100,000 kwa ekari, na hesabu ikakoma kwenye ekari tano. Akiuawa yeye mwenyewe, jamaa zake waliwekewa kifuta machozi cha shilingi 1,000,000. Waliochagua majina hayo walikuwa wakweli: fedha hizo hufuta, hazilipi.

Hapo ndipo litokeapo gobore. Silaha hiyo, ishindiliwayo baruti kwa mdomo wa mtutu, si ngeni katika nchi hizo. Misafara ya pembe iliyopita Unyamwezi ikielekea Ziwa Tanganyika katika karne ya 19 iliieneza, na Mirambo aliujenga utawala wake kwa nguvu ya bunduki. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalipatana kuzuia silaha za moto zisifike mikononi mwa Waafrika. Tangu zama hizo sheria ya silaha ilikifikia kijiji kama amri tu, nacho kijiji kikajifunza kuficha badala ya kusema. Mazoea ya namna hiyo hayafi siku bendera ishushwapo.

Lakini sheria itumikayo sasa, yaani Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, haikutungwa na polisi. Ilipitishwa na Bunge. Polisi huitekeleza, aliye na mamlaka ya kuibadili ni mbunge, yule yule ambaye mkulima aambiwa asimsumbue. Kumwelekeza mtu huyo kituoni ni sawa na kumwelekeza mgonjwa kwa bawabu wa hospitali.

Watajibu kwamba haya ni mambo ya kuiga Marekani, ambako watu huwaandikia wawakilishi wao juu ya bunduki kila siku. Jibu hilo lachanganya mambo mawili. Katiba ya Marekani, kwa nyongeza ya mwaka 1791, yataja haki ya watu kushika silaha. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 haina neno kama hilo, wala hapana ulazima iwe nalo. Iliyo nayo ni ibara ya 21, impayo raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi yake, ama yeye mwenyewe ama kwa njia ya wawakilishi aliowachagua. Mkulima wa Kasokola hana haki ya kikatiba ya kuwa na bunduki. Anayo haki ya kikatiba ya kuzungumza habari zake.

Tena liko jambo ambalo wapinzani hawa hawalitaji kamwe. Mtu aliyeficha gobore hawezi kusimama katika mkutano wa kijiji na kueleza sababu iliyomfanya alifiche, kwa kuwa maelezo yake yatakuwa ushahidi dhidi yake. Mbunge aweza kuisema sababu hiyo. Ibara ya 100 ya Katiba hulinda uhuru wa majadiliano bungeni, hata asishitakiwe mahakamani kwa alilosema humo; naye hana haja ya kumtaja mtu kwa jina. Basi ukweli huu wapata mlango mmoja wa salama wa kupitia, nao ndio huo huo unaotakiwa ufungwe.

Kwamba mlango huo hupitika, mwaka 2013 ni shahidi. Oktoba ya mwaka huo ilianza Operesheni Tokomeza, yenye shabaha njema ya kukomesha ujangili. Malalamiko ya vipigo, mateso na vifo yaliwafikia wabunge, nao wakayasema. Mwezi uliofuata operesheni ilisimamishwa, kamati ya Bunge ikachunguza, na tarehe 20 Desemba mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Aliyelitangazia Bunge habari hiyo alikuwa Waziri Mkuu Mizengo Pinda, ambaye wakati huo alikuwa pia mbunge wa jimbo la Katavi.

Ni haki kukiri kwamba hofu ya wapinzani ina msingi. Hesabu ya tembo wa Tanzania ilishuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014, na risasi ndizo zilizowapunguza. Yawezekana sana kwamba Bunge, likiisha kusikia yote, litaona afadhali magobore yapungue kuliko kuongezeka. Na pengine litakuwa limeona vema. Mwaka 2022 serikali ilitoa muda wa msamaha kwa watakaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Msamaha huo ulimwondolea mtu hofu ya kushitakiwa. Tembo haukumwondoa shambani.

Kwa hiyo barua itokayo Kasokola kwenda Dodoma haihitaji kudai bunduki. Yatosha iulize mambo ambayo waziri atalazimika kuyajibu mbele ya Bunge: askari wa wanyamapori hufika baada ya saa ngapi tangu aitwapo, leseni ikinyimwa, mwombaji hupewa sababu gani, na kwa maandishi au kwa mdomo, na ekari ya sita, ile isiyohesabiwa, ililimwa na nani.