Kukarabati au Kugeuza?



Parokia zetu nyingi zina ghala ambamo vitu vya zamani vimelala: mashine za kuandikia, redio, vinasa sauti vya kanda. Mwaka huu, katika kusafisha ghala mojawapo, kundi la vijana limekuta vipokea sauti vya kichwani aina ya Sennheiser HD 414, na mara mabishano yakazuka. Wengine wanataka vikarabatiwe virudi kama vilivyotoka kiwandani. Wengine wanataka vikatwe waya, vitiwe betri na Bluetooth, vitumike na simu za leo. Mabishano hayo si madogo kama yanavyoonekana, nasi tungependa kueleza tulivyoyapima.

Anayetaka kutengeneza kitu hana budi kwanza kukijua. HD 414 ilitoka Ujerumani mwaka 1968. Vipokea sauti vya wakati ule vilikuwa vizito, vikiziba masikio pande zote. Hivi vilikuja vyepesi na wazi: msikilizaji huusikia muziki, na bado humsikia ndugu anayemwita kando yake. Viliuzwa zaidi ya milioni 10 duniani. Tena waliovibuni walimfikiria fundi wa kesho, kwa maana waya wake huchomolewa kwa mkono na sifongo yake huvuliwa bila chombo chochote.

Vilivyopatikana vina matatizo mawili. La kwanza ni sifongo, ambayo kwa miaka ya joto na unyevu imekuwa unga. Kuibadilisha si kuisaliti asili, kwa kuwa iliwekwa ili ibadilishwe. Lakini sifongo mpya iwe na unene wa ile ya kwanza. Ikiwa nene au nyembamba mno, umbali kati ya sikio na chanzo cha sauti hubadilika, na sauti yenyewe hubadilika pia. Tatizo la pili ni kwamba vikiunganishwa na simu husikika kwa unyonge. Hapo ndipo wengi husema vimeharibika, na husema visivyo. Ukinzani wake wa umeme ni omu 2000, ambapo vipokea sauti vingi vya leo vina omu 32 hivi. Vinahitaji volti nyingi kuliko simu inavyoweza kutoa. Kikuza sauti kidogo na adapta ya plagi vyatosha kuvirudishia nguvu, bila kukata hata uzi mmoja.

Basi, kutoboa kasha ili kuingiza betri kutaleta faida gani? Betri hudumu miaka michache, kisha hufa. Tundu lililotobolewa hubaki. Nasi Wakongo tuna sababu yetu ya pekee ya kufikiri mara mbili. Betri ndogo za namna hiyo kwa kawaida huwa na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika udongo wa nchi yetu, upande wa Kolwezi na Likasi. Tunajua jasho na machozi yaliyomo katika uchimbaji huo. Katika waraka wake Laudato si', wa mwaka 2015, Papa Fransisko alikemea utamaduni wa kutupa. Kifaa kisichohitaji betri, kilichodumu zaidi ya nusu karne, ni hubiri tosha juu ya jambo hilo.

Hata hivyo, hatuungani na wale ambao wangevifungia katika kabati la vioo visiguswe. Mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini hakuiharibu, aliirudisha nzima. Na bado bwana wake alimhukumu. Vipokea sauti visivyosikilizwa na mtu ni talanta iliyofukiwa.

Kanisa limekwisha kukutana na swali hili katika jambo kubwa zaidi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Katiba juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba mabadiliko yasifanywe isipokuwa manufaa ya kweli ya Kanisa yanayadai, na kwamba sura mpya zichipuke kutoka katika zile zilizokuwapo. Maaskofu wetu walitii mambo yote mawili. Misale kwa ajili ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, ilihamisha toba na amani baada ya mahubiri, ikawaalika wahenga pamoja na watakatifu mwanzoni mwa Misa. Lakini Misa ilibaki ileile, ya Neno na ya Ekaristi. Waliibadilisha kwa sababu walikuwa wameijua sana, na kwa sababu watu walihitaji kusali kwa sauti yao wenyewe.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii: kilichooza kibadilishwe, kilicho kizima kiheshimiwe, na nyongeza yoyote iwe ya namna ambayo wajukuu wataweza kuiondoa. Adapta huondolewa, waya uliokatwa haurudi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Tena kuna jambo ambalo mabishano yamelisahau. Kando ya vipokea sauti hivyo kuna kinasa sauti chenye tundu la plagi ileile, na kanda zenye sauti za makatekista na kwaya za miaka iliyopita. Wengi wa waliorekodiwa wamekwisha kulala katika Bwana. Kanda nazo huchakaa, hazitungoji. Mkikata plagi ile, mnakata kamba inayowaunganisha na sauti hizo. Mkiitunza, mnaweza kukaa na wazee, kusikiliza, kutambua nani anaimba, na kuandika majina. Kazi hiyo ingefaa ianze hata kabla ya sifongo mpya kufika.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, Bwana anamsifu mwenye nyumba atoaye katika hazina yake vitu vipya na vya kale. Ajue basi kilichomo katika hazina hiyo kabla ya kushika kisu.

Kwa mazungumzo ya kundi:
1. Ni kitu gani katika parokia yetu tunataka kukibadilisha kabla ya kukijua?
2. Ni kitu gani tumekifungia kabatini, nacho kingeweza kutumika?
3. Ni sauti ya mzee yupi tunapaswa kuirekodi mwezi huu?