Jasho la Kipchoge halitatibu presha yangu

MIMI ni mshabiki sugu wa riadha. Niamshe usiku wa manane uniulize Eliud Kipchoge alitumia muda gani kule Berlin mwaka wa 2018, nitakujibu kabla ya kufungua macho: saa 2, dakika 1 na sekunde 39. Na mwaka wa 2022? Saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Marehemu Kelvin Kiptum, Chicago, 2023: saa 2 na sekunde 35. Hesabu hizi nazijua kama ninavyojua majina ya watoto wangu.

Hesabu moja tu sikuwa nayo. Niliipata siku nilipomsindikiza mama watoto kwenye kliniki moja hapa mjini. Muuguzi aliyekuwa akimhudumia alinitazama jinsi nilivyokuwa nikihema baada ya kupanda ngazi, akanifunga kile kitambaa mkononi. 168 kwa 104.

"Mzee, unafanya mazoezi?" akaniuliza.

"Mimi ni mtu wa riadha," nikamjibu kwa fahari.

"Unakimbia?"

"Natazama."

Hakucheka. Alinipumzisha kwa muda, akapima tena, na mashine haikubadilisha maneno yake. Akaniagiza nirudi mara mbili nyingine siku tofauti, kwa maana kipimo kimoja pekee hakitoshi kumhukumu mtu. Nilirudi. Leo nameza tembe kila asubuhi, na naandika haya kwa sababu najua si mimi pekee katika jiji hili.

Ndugu msomaji, sisi wakazi wa Eldoret tuna ugonjwa wetu wa kipekee. Uwanja wetu unaitwa Kipchoge Keino. Wageni hutoka Ulaya na Marekani kuja kufanya mazoezi Iten, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Mkenya akishinda mbio tunasema "tumeshinda", na polepole tumeanza kuamini kwamba hata miguu tuliyokimbia nayo ni yetu. Oktoba 12, 2019, Kipchoge alipokimbia kilomita 42 kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, mimi nilikuwa hotelini mbele ya televisheni tangu saa tatu asubuhi. Yeye alikuwa akimaliza kila kilomita kwa takriban dakika 2 na sekunde 50. Mimi, katika muda huo huo, nilimaliza vikombe vitatu vya chai ya maziwa, chapati nne na sahani ya matumbo, tena nikaongeza chumvi mezani. Alipofika mwisho nilikuwa nimetokwa na jasho kumshinda!

Wengine husema hali ya hewa yetu ya nyanda za juu hutukinga. Ni kweli kwamba Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya bahari, na kwamba mwinuko huo humsaidia mwanariadha anayefanya mazoezi. Lakini anayekaa kitako kwenye mwinuko huo bado amekaa kitako.

Zamani mwanasayansi mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, na matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 1953. Madereva, waliokaa siku nzima, waliugua moyo zaidi ya makondakta waliopanda na kushuka ngazi wakikusanya nauli. Watu wa kazi moja, ndani ya gari moja. Tangu nisome habari hiyo siwezi kupanda matatu ya Langas bila kumtazama dereva kwa huruma na yule makanga anayening'inia mlangoni kwa wivu kidogo. (Simsifu kwa kuning'inia, hayo ni mambo ya polisi.)

Kuna hadithi nyingine ambayo nadhani imetuharibu sisi wanaume wa hapa. Mwaka wa 1968 kule Mexico City, Kipchoge Keino alikuwa akiumwa na mawe kwenye nyongo, na madaktari wakamwonya asikimbie. Alikimbia, akamshinda Mmarekani Jim Ryun katika mita 1,500 na kutwaa dhahabu. Tumeisimulia mara nyingi hata tukaamini kwamba mwanamume kamili humpuuza daktari. Keino alikuwa kijana aliyejenga mwili wake kwa miaka mingi ya mazoezi. Wewe na mimi, wenye vitambi na shughuli za ofisini, tukimpuuza daktari hatupati dhahabu. Tunapata kiharusi, au figo zinazokataa kazi. Presha haina kelele. Unaweza kutembea nayo miaka kumi ukidhani u mzima.

Muuguzi hakuniambia nikimbie. Aliniambia nitembee upesi, kiasi cha kuweza kuzungumza lakini nisiweze kuimba. Shirika la Afya Duniani lapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa aina hiyo kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano inatosha kuanzia. Hata mabingwa hawakimbii kwa kasi kila siku. Nenda Kaptagat, wanakofanya mazoezi vijana wa kocha Patrick Sang, siku ya mbio nyepesi, utashangaa wanavyoanza polepole wakipiga soga. Nayo chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na supu.

Sasa natembea kutoka Pioneer hadi mjini kila asubuhi. Na hapa nina neno. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 15, 2024, lakini anayetembea kwa miguu bado ni mgeni ndani yake. Njia ya miguu huanza vizuri, kisha inaishia mtaroni, au kwenye meza ya mitumba, au bodaboda inakupigia honi kutoka nyuma kana kwamba wewe ndiwe uliyekosea njia. Jiji linalojivunia mabingwa wa kukimbia lingeweza kwanza kuwapa watu wake mahali pa kutembea. Njia hizo zingezuia magonjwa mengi kabla hayajafika wodini.

Wiki jana nilipimwa tena: 138 kwa 86. Tembe bado namezeshwa, na muuguzi ameniambia nisithubutu kuziacha kwa sababu ya hesabu moja nzuri. Mama watoto ameziandika tarakimu hizo kwenye karatasi na kuibandika ukutani jikoni, chini ya picha ya gazeti ya Vienna. Anadai ile ya juu nimeitazama vya kutosha.